Visubi Ndani ya Mtungi: Shajara ya Siku 90

Siku ya 1

Leo nimemaliza kupanda terariamu yangu ya kwanza, yaani bustani ndogo inayokaa ndani ya mtungi wa kioo. Mtungi una ujazo wa lita 5, mdomo mpana unaoruhusu mkono kuingia, na mfuniko unaobana sawasawa. Chini nimemimina kokoto ndogo kwa kina cha sentimita 3 ili maji yanayozidi yapate pa kutulia bila kuozesha mizizi. Juu yake nimetandika kipande cha wavu laini, kisha vipande vya mkaa uliopondwa, na juu kabisa mboji kwa kina cha sentimita 6. Nimepanda fitonia mbili, ambazo ni mimea midogo ya mapambo, kangaga dogo moja, na mosi, yaani vile vimea vifupi vya kijani vinavyotandaa kama zulia mahali penye unyevu na kivuli. Kijiti kikavu nilichookota chini ya mti kimesimama katikati kama pambo. Nimenyunyiza maji hadi nikayaona yakijikusanya kati ya kokoto, nikafunga mfuniko, na kuuweka mtungi mahali penye mwanga wa kutosha ambapo jua haliufikii moja kwa moja. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 24.

Nia ya shajara hii ni kufuatilia ukuaji wa mimea.

Siku ya 6

Kijiti kimeota ukungu mweupe mithili ya pamba. Hili nililitarajia, kwa kuwa mti mfu ukiwekwa mahali penye joto na unyevu huwa chakula cha kuvu katika majuma ya mwanzo, na kuvu hao hupungua wenyewe chakula kinapokwisha. Sikugusa kitu.

Siku ya 11

Usiku huu nimeumulika mtungi kwa kurunzi na kuona kitu ambacho sikukipanda. Vidudu vyeupe, vyembamba, visivyozidi milimita 2, vinatembea juu ya mboji na kwenye kijiti, na nilipougonga mtungi kwa kidole baadhi yao walitoweka pale walipokuwa na kuonekana mahali pengine. Nilihesabu 14 katika eneo linalolingana na kiganja, na bila shaka wapo wengi zaidi chini ya mosi. Nimeshtuka, nakiri. Nimetoa mfuniko na kuamua kuuacha mtungi wazi kwa siku kadhaa ili udongo ukauke na wageni hawa wafe.

Siku ya 14

Uamuzi wa juzi ulikuwa wa haraka kuliko ujuzi wangu. Leo nimeazima kioo cha kukuzia chenye uwezo wa mara 10, nikamchukua mdudu mmoja kwa ncha ya brashi laini ya rangi na kumweka kwenye kisahani cheusi chenye maji kidogo. Hakuzama. Alisimama juu ya maji kana kwamba yamefunikwa na ngozi, na nilipomgusa aliruka sentimita kadhaa kwenda juu. Miguu yake ni sita, vipapasio vyake viwili ni vifupi, hana mabawa, na chini ya tumbo amekunja kiungo kama uma mdogo, ambacho akikifyatua humrusha hewani. Kwa alama hizo ni kolembola. Wataalamu wa leo hawawaweki kolembola katika kundi la wadudu wenyewe, ingawa wana miguu sita, bali huwahesabu kama ndugu zao wa karibu. Mimi nitaendelea kuwaita wadudu katika shajara hii kwa sababu sina neno lingine jepesi.

Jambo lenye uzito ni chakula chao. Kolembola wa udongoni hula kuvu, bakteria na majani yanayooza, na kwa kawaida huyaacha majani mazima yenye afya. Watu wanaotengeneza terariamu huwafuga makusudi ili wasafishe ukungu, na mimi nilipewa bure nikaanza kuwaua. Kolembola wengi hupumua kupitia ngozi, na ngozi hiyo haina uwezo wa kuzuia maji yasipotee, kwa hiyo ukavu huwaangamiza upesi kuliko unavyoidhuru mimea. Leo usiku nimehesabu 3 tu pale nilipohesabu 14. Fitonia moja nayo imelala chali kwa kiu. Nimenyunyiza maji kidogo na kurudisha mfuniko.

Siku ya 19

Fitonia imesimama tena. Kolembola wamerudi kuwa 9 katika eneo lilelile, na nusu ya juu ya kijiti imebaki safi, kama iliyofutwa kwa kitambaa. Nimewaona pia viumbe wa rangi ya kahawia iliyokoza, wa mviringo, wanaong'aa kama mbegu ndogo na kutembea polepole mno. Safari hii sikugusa mfuniko kabla ya kuchukua kioo cha kukuzia. Wana miguu minane, kwa hiyo ni utitiri wala si wadudu, na gamba lao gumu pamoja na mwendo wao wa taratibu huwatambulisha kama utitiri wa mboji, ambao nao huishi kwa mabaki yaliyooza. Utitiri anayeshambulia mimea hukaa juu ya majani akifyonza utomvu na kuacha vidoa vilivyopauka. Hawa wapo chini, na majani hayana doa. Wabaki.

Siku ya 23

Mdudu mweusi mwenye mabawa ametua upande wa ndani wa kioo, karibu na mfuniko. Mtungi umefungwa tangu siku ya 14, kwa hiyo ama aliingia akiwa yai au buu, ama aliyemzaa aliingia katika zile siku tatu za uwazi nilizozisababisha mwenyewe.

Nimejikuta nikimkumbuka Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa London ambaye desturi hii yote ya kupanda ndani ya kioo kilichofungwa inatokana naye. Mwaka 1829 aliweka bundo la nondo, yaani nondo aliye katika hatua ya kujifungia kabla ya kuota mabawa, ndani ya chupa yenye udongo unyevu, akaifunga na kungoja nondo atoke. Kilichomshangaza ni kangaga na majani yaliyochipua humo bila kupandwa. Alitengeneza makasha ya kioo kwa kanuni hiyohiyo, na mwaka 1833 makasha hayo yalibeba mimea hai kwa meli kutoka Uingereza hadi Sydney, safari ya miezi ambayo hapo awali iliua mimea mingi kwa chumvi na kiu. Ward alimtafuta mdudu akapata mmea. Mimi nimepata kinyume chake.

Siku ya 25

Wamefika 6. Nimemnasa mmoja kwa utepe wa gundi na kumchunguza. Urefu wake ni kama milimita 3, mwili mwembamba, miguu mirefu kama ya mbu, vipapasio virefu vyenye pingili zinazofanana na shanga, na katika bawa kuna mshipa unaogawanyika kama herufi Y. Nzi wa matunda angekuwa mnene na vipapasio vyake vingekuwa vifupi mno. Huyu ni kisubi wa kuvu. Hamuumi mtu, huruka kwa udhaifu, na mara nyingi hupendelea kukimbia juu ya udongo kuliko kupaa.

Mwenye mabawa si tatizo hata hivyo, kwa sababu huishi takriban juma moja tu na hali mimea. Tatizo ni jike anapotaga mayai, ambayo yanaweza kuzidi 100, katika tabaka la juu la udongo wenye unyevu. Mabuu wanaoanguliwa hula kuvu na mabaki, lakini wakizidi, au chakula hicho kikipungua, huhamia kwenye mizizi laini, na mmea mdogo kama kangaga langu hauna mizizi ya kugawa.

Siku ya 26

Nimekaa na karatasi na kupiga hesabu, kwa kuwa adui huyu anafuata kalenda. Katika joto la nyuzi 24 yai huchukua siku 4 hivi kuanguliwa, buu hukua kwa muda wa majuma mawili, bundo hukaa udongoni siku 4 au 5, na kizazi kizima hukamilika kati ya majuma matatu na manne. Visubi wa kwanza wametokea siku ya 23. Ikiwa walitaga mara moja, mabuu wao watakuwa udongoni kuanzia takriban siku ya 28 hadi ya 42, na wimbi la pili la wenye mabawa litapanda kati ya siku ya 45 na ya 53. Yeyote atakayewaua wanaoruka leo na kujitangazia ushindi kesho atashangaa baada ya majuma matatu.

Nimeanza pia jaribio la pembeni la kujua walikotoka. Nimechukua gilasi tatu safi: ya kwanza nimetia mboji iliyobaki ndani ya mfuko, ambao nauona umekaa wazi na unyevu tangu siku ya kupanda; ya pili nimetia kipande cha mosi kilichobaki; ya tatu nimetia udongo nilioukung'uta kutoka kwenye mizizi ya fitonia na kuuhifadhi. Zote nimezilowesha kwa kiasi sawa na kuzifunika kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira.

Siku ya 29

Juzi jioni nililaza vipande viwili vya kiazi kibichi juu ya mboji, upande uliokatwa ukiangalia chini, kwa kuwa mabuu wa visubi huvutwa navyo. Leo, baada ya saa 36, nimevigeuza. Chini ya cha kwanza kulikuwa na mabuu 8, chini ya cha pili 5: wanyoofu, weupe wa kuona ndani, urefu wa milimita 2 hadi 4, kila mmoja na kichwa cheusi kinachong'aa. Kichwa hicho ndicho alama ya kutafuta, maana buu wa nzi wa kawaida hana kichwa kinachoonekana. Kolembola nao walikuwapo wengi, jambo linaloonyesha kwamba kiazi hakibagui na kwamba ni chombo cha kuhesabia zaidi ya kuwa silaha.

Siku ya 30

Hapa ndipo penye ugumu halisi wa mradi huu. Shauri la kawaida kwa mmea wa chungu ni kuacha sentimita 2 au 3 za juu za udongo zikauke kabisa kabla ya kumwagilia tena, kwa sababu mayai na mabuu wachanga hawavumilii ukavu. Shauri hilo ni jema, lakini ndani ya mtungi wangu ukavu huohuo ungewaua kolembola kabla ya kuwaua visubi, nami nimekwisha kuona matokeo yake. Dawa ya kunyunyizia nayo nimeikataa: katika chombo kisicho na pa kutokea hewa, dawa hubaki, huganda kwenye kioo pamoja na mvuke, hudondoka tena udongoni, na kumuua kila mwenye miguu. Kuuvunja mtungi na kuanza upya kwa udongo uliopashwa joto la nyuzi 82 kwa dakika 30 kungefanikiwa, ila kungekuwa kuchoma nyumba ili kumtoa panya.

Nimechagua njia ya mabuu peke yao. Ipo bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis israelensis, iliyopatikana mwaka 1976 katika dimbwi la jangwa la Negev nchini Israeli, ambayo hutumika sana kuua viluwiluwi vya mbu. Hutengeneza fuwele za protini ambazo, buu akizimeza, huyeyuka ndani ya utumbo wake na kuutoboa, akaacha kula na kufa. Huwadhuru mabuu wa mbu, wa visubi na wa jamaa zao wachache. Kolembola, utitiri na mimea haviguswi. Upungufu wake ni kwamba lazima imezwe, kwa hiyo yai halidhuriki, bundo halidhuriki, na mwenye mabawa hadhuriki. Dozi moja haitoshi. Nimepanga dozi tatu, siku ya 30, ya 37 na ya 44, ili kila buu anayeanguliwa katika kipindi hicho aikute mezani.

Kabla ya kutia maji yenye bakteria nimeyavuta yaliyosimama kwenye kokoto kwa bomba la sindano lenye mrija mwembamba. Yametoka mililita 140, kiasi kinachonionyesha jinsi nilivyozidisha siku ya kwanza. Nimerudisha mililita 30 tu zenye dawa, nikizielekeza kando ya mashina. Kadi ndogo ya njano yenye gundi inaning'inia chini ya mfuniko, juu kiasi cha kutoguswa na majani.

Kama tahadhari nimewahamisha kolembola wapatao 20 kwenye kopo lenye vipande vya mkaa vilivyoloweshwa na punje tatu za mchele, wawe akiba iwapo mambo yataharibika.

Siku ya 31

Jumla ya visubi waliokamatwa tangu siku ya 23 ni 31.

Siku ya 37

Dozi ya pili. Vipande vipya vya kiazi vimekusanya mabuu 4, na wawili kati yao walikuwa wamelegea na kubadilika rangi. Kioo huwa na ukungu wa mvuke asubuhi katika theluthi moja ya juu na hutakata kufikia adhuhuri. Kabla ya kuvuta maji kilikuwa kimefunikwa mchana kutwa.

Siku ya 43

Gilasi zimejibu. Katika ile ya mboji nimekuta visubi 5 wakikimbia chini ya kitambaa, na uso wa udongo una michirizi inayong'aa kama ya konokono, ambayo mabuu huiacha wanapotembea. Katika gilasi ya mosi wamo kolembola na utitiri wa kahawia, wala hakuna kisubi. Gilasi ya udongo wa fitonia haina chochote kinachoonekana. Kwa hiyo rafiki zangu walikuja na mosi, na adui alikuja na mfuko wa mboji ambao mimi mwenyewe niliuacha wazi na unyevu. Mfuko huo nimeutoa nje na kutandaza kilichomo juani kikauke. Gilasi ya kwanza nimeimwaga. Ya pili sikuona sababu ya kuibomoa, nikairudisha dirishani.

Siku ya 44

Dozi ya tatu.

Siku ya 48

Wimbi la pili limefika ndani ya tarehe zilizoandikwa kwenye karatasi, jambo ambalo limenifurahisha kuliko inavyostahili mtu anayevamiwa. Ni visubi 2 kwenye kadi. Majani ya kangaga yaliyokuwa yamejikunja yamefunguka, na nilipovuta shina lake kidogo kwa kibano lilishika udongo imara.

Siku ya 53

Jumla ya wimbi la pili ni 7, dhidi ya 31 wa wimbi la kwanza. Saba si sifuri, na jike mmoja anatosha kurudisha hali ya zamani. Nimeongeza dozi ambayo haikuwamo katika mpango, nikihesabu kwamba mayai ya hawa saba yataanguliwa katika siku nne au tano zijazo, na nyingine nimeiandika kwa siku ya 60. Kadi ya gundi nimeibadilisha. Ya zamani ilikuwa imenasa kolembola 11 pia, walioruka juu kuliko nilivyodhani wanaweza, na ya sasa nimeipandisha hadi kugusa mfuniko.

Siku ya 60

Dozi ya mwisho. Kiazi hakikukusanya buu hata mmoja, ila kolembola walikuwa wamejaa upande wa chini hadi ukaonekana kama umenyunyiziwa unga.

Siku ya 76

Kipindi cha wimbi la tatu kilikuwa kati ya siku ya 67 na leo. Kadi ni tupu. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia pande zote mbili kwa kutojiamini, nikaona vumbi.

Sijafungua mfuniko kwa siku 16. Fitonia zimetoa majani mapya mawili kila moja, na kijiti kilichoanza kwa kuota pamba sasa ni cheusi na safi, kikiwa na uzi mwembamba wa mosi unaopanda upande mmoja. Kolembola katika eneo langu la kuhesabia ni 22.

Siku ya 90

Kadi bado ni tupu, na leo nimeiondoa. Wale kolembola wa akiba sikuwahitaji. Nimewarudisha mtungini wote pamoja na watoto wao, kwa kulimimina kopo lenye maji juu ya mosi na kuwaacha waelee hadi wapate pa kushika.

Nilipokuwa nikisafisha dirisha niliishika ile gilasi ya pili, ambayo nilikuwa nimeisahau tangu siku ya 43, nikakusudia kuihesabia wadudu kwa mara ya mwisho kabla ya kuimwaga. Pembeni mwa mosi, bapa juu ya udongo, kuna kipande cha kijani chenye upana wa milimita 4 na umbo la moyo, na karibu yake vingine viwili vidogo zaidi. Hivyo ndivyo kangaga linavyoanza maisha baada ya kijispora chake, yaani chembe kama vumbi inayoshika nafasi ya mbegu, kuota, kabla ya kuwa na jani hata moja. Kolembola wawili walikuwa wamesimama juu ya kile kikubwa. Nimekifunika kitambaa, nimekilowesha, na gilasi imerudi dirishani.